Mgeni wa chumba cha nyuma

Haya ndo niliyoongea Jumapili kwenye mkutano wetu wa watu wa Njombe tunaoishi Dar. Wengi mlikuwa kazini, wengine foleni iliwashinda, mkaomba niiweke yote. Basi nimeiandika kama nilivyoisema, sijapunguza kitu. Kamwene ni salamu ya kwetu.

Kamwene!

Nyie wa nyuma huko sijawasikia. Kamwene!

Haya, asanteni. Wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, kaka zangu na dada zangu, habari za Jumapili. Na nyie wadogo zangu mliojaa upande huu wa feni, karibuni sana, leo naongea na nyie hasa.

Kabla sijaanza naomba kila aliyehamia Dar ndani ya mwaka huu anyooshe mkono. Msione aibu, juu kabisa. Eeh, mko wengi. Sasa msishushe kwanza. Mkono ubaki juu kama unaipenda Dar es Salaam.

Imebaki miwili.

Nimefurahi mmekuwa wakweli, maana mi sikuwa mkweli. Mi nilikaa hapa karibu mwaka mzima kila mtu wa nyumbani akipiga simu namwambia mjini kuzuri, nimezoea, msiwe na wasiwasi, halafu usiku nalia nimefunika uso na khanga shangazi asisikie. Sitaki mtu yeyote humu ndani alie hivo peke yake. Ndo maana mwenyekiti aliponiomba nisimame hapa sikukataa.

Nilishuka Ubungo, ile stendi ya zamani, mwezi wa pili mwaka 2008. Wenyeji mnajua mwezi wa pili ni nini hapa. Nimetoka Njombe alfajiri, ukungu umekaa kwenye miti hata mtu wa mbele humwoni vizuri, nimevaa sweta la zambarau alilonifuma mama. Ni safari ya kama kilomita 700. Tunashuka Kitonga bado ninalo, tunapita Mikumi jasho linanitiririka mgongoni lakini sivui, kwa sababu mama alishonea mfuko wa hela kwa ndani ya lile sweta, upande wa moyo, ukilivua umevua na hela. Kwahiyo nikashuka nalo Ubungo jioni kwenye joto lile, wapiga debe watatu wananivuta begi, huyu teksi dada, huyu unaenda wapi dada, na mi nimeshika kifua kwa mikono miwili nasubiri shangazi atokee.

Shangazi alikuwa anakaa Tandale kwa Mtogole. Nyumba ya vyumba sita, koridoo katikati, uani bomba moja na choo kimoja, sisi chumba cha nyuma. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Upepo unapita wapi? Haupiti. Mbu wanapita. Na mziki unapita, maana mtaa ule kila wikiendi kulikuwa na kigodoro, spika zinalia mpaka alfajiri, bati la nyumba linatetemeka. Mi nimekulia mahali ambapo usiku unasikia mbwa wa kijiji cha pili.

Jioni ile ile ya kwanza shangazi akanituma dukani kwa mangi, sukari robo. Nikamwambia nipe hela. Akasema we mwambie aandike.

Mnanielewa nyie wa kwetu. Kukopa dukani siku ya kwanza, kwa mtu hakujui! Nilienda miguu mizito. Mangi akaniangalia kupitia zile nondo, akauliza we wa nani? Nikasema wa chumba cha nyuma, kwa shangazi. Akavuta daftari chini ya meza. Hilo daftari naliona mpaka leo. Lilikuwa la kurasa mia, gamba la mbele limeshatoka, nyuma ile jedwali la kuzidisha imebaki nusu, limefungwa na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Kalamu imefungwa kwa kamba kwenye msumari watu wasiondoke nayo. Akaandika, na mi nasoma kichwa chini miguu juu: *Mgeni chumba cha nyuma, sukari robo.*

Lile neno mgeni lilinichoma. Nikarudi nikamwambia shangazi, kaniandika mgeni. Shangazi alikuwa anakuna nazi, hata hakuinua kichwa. Akasema kakuandika, si ndo cha muhimu. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa kwa miaka. Akasema mwisho wa mwezi ukienda kulipa usilipe lote, bakiza hata hamsini. Kwa nini shangazi? Akasema mtu akimaliza madeni yote mjini, huyo ameshaaga.

Nataka mlishike hilo daftari, nitalirudia.

Sasa jambo la kwanza ninalotaka kuwaambia wadogo zangu ni hili: Dar itakupiga. Nisiwadanganye. Itakupiga. Hakuna aliyekaa humu ndani hajapigwa. Kuna ambaye hajapigwa? Mnaona, wanacheka, wanajua.

Mi ilinipiga mwezi wa tano. Nilikuwa nimeshapata pa kushonea, kwa fundi mmoja mwenye ovaloki, na wanawake saba wa mtaani kwetu walikuwa na shughuli, wakanipa hela ya vitambaa nikawanunulie Kariakoo sare moja. Hela ya watu. Watu saba. Nikapanda daladala, nikafika Kariakoo, mtaa umejaa mpaka unatembea kwa kusukumwa. Akaja kijana mmoja, msafi, kavaa vizuri, anaongea kwa heshima, dada nina mzigo wa vitenge umetoka bandarini, bei ya kutupa, tunagombania muda. Nikavuta kile cha juu, nikashika kitambaa, mi ni fundi najua kitambaa, kitenge kizito kabisa. Vinane vimefungwa bunda kwa kamba. Nikalipa hela yote. Nikatoka na furaha mpaka kituoni Msimbazi, nikasema ngoja nifungue niangalie rangi. Kitenge cha juu kitenge. Cha chini yake matambara. Saba yote matambara, yamekunjwa vizuri na kupigwa pasi.

Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Sina hata nauli. Watu wananiruka. Nikasema mji huu ni wa mashetani, kesho narudi kwetu nikalime viazi.

Ikaja daladala ya kwetu, konda ananing'inia mlangoni anapiga bodi, Tandale Tandale, dada unaenda? Nikamwambia sina hela nimetapeliwa. Sikuongeza neno. Akaangalia lile bunda, akaangalia uso wangu, akasema panda, utanipa siku ukiniona. Na akageuka kuendelea kuita watu.

Jamani, siku moja, mtaa mmoja, saa moja. Aliyeniibia ni mtu wa Dar na aliyenibeba ni mtu wa Dar. Utasema mji ni yupi kati ya hao wawili? Mi nimejiuliza miaka mingi. Jibu nililopata ni kwamba wote wawili ndo mji, ila ni mmoja tu aliyeniachia sababu ya kumtafuta tena.

Na nilimtafuta. Ilipita kama miezi miwili, nikamwona, ana kofia ile ile. Nikampa nauli yake, nikaanza kumweleza, unakumbuka siku ile Kariakoo, vitenge... Hakumbuki. Kapokea hela, kanihesabia chenji, kaniuliza unashukia wapi. Nilishuka nikasimama nikiiangalia ile gari inaondoka. Kwangu lilikuwa jambo la kuniokoa, kwake ilikuwa ni Jumanne tu. Amewabeba wangapi mpaka hawakumbuki? Hilo ndilo lililonifanya nianze kuuangalia mji huu kwa jicho lingine.

Lakini turudi kwa wale wanawake saba, maana pale ndipo penyewe. Usiku ule nilizunguka nyumba zote saba nikawaambia ukweli. Wawili walinitukana, na walikuwa na haki. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja wa Kizaramo, mzaliwa wa hapa hapa, amekaa barazani anasokota ukili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mjukuu wangu, ushalipia shule, sasa kashone. Akawaita wenzake, wakakubaliana nitawalipa kidogo kidogo, kila Jumamosi.

Ilinichukua miezi mitano. Kila Jumamosi nyumba saba. Na sikilizeni, wadogo zangu, hii ndo siri yenyewe, hakuna aliyeniambia: ukienda kumlipa mtu deni kila wiki, anakukaribisha ndani. Huyu anakwambia kaa kwanza, onja hivi vitumbua. Huyu anakwambia mwanangu anaumwa nisaidie kumshika. Huyu anakuonyesha njia ya mkato ya kufikia kituoni bila kupita pale kwenye vibaka. Bibi alinifundisha kusalimia, maana nilikuwa napita watu kimya kama tunavyopita shambani, akaniambia hapa ukipita baraza bila salamu umewatukana. Miezi mitano ilipoisha nilikuwa naijua Tandale nyumba kwa nyumba, nani kafiwa, nani kaolewa, nani hasemi na nani. Yule tapeli alinichukulia hela. Deni lake likanipa mtaa mzima.

Na dukani? Siku moja nasoma daftari kichwa chini, mangi kaandika: *Fundi mgeni, mkate nusu.* Nikajua kuna kitu kinasogea.

Jambo la pili, na hapa nitapita haraka kidogo. Mtu akikuambia we wa mkoani, wa kuja, usiinamishe kichwa. Mji huu una wenyewe, ndio. Kabla ya jina hili palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, Wazaramo na Washomvi, tuwaheshimu hao, ndo waliotupokea. Lakini baada ya hapo? Sultani Majid alitoka Zanzibar miaka ya 1860 akaanza kujenga, akafariki 1870 kazi haijaisha. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kariakoo mnayoenda kununua simu na viatu, jina lake ni la wapagazi wa jeshi la Waingereza vita vya kwanza, Carrier Corps, walikaa kambi pale, midomo yetu ikalifanya jina likawa letu. Serikali ilishaamua 1973 makao makuu yaende Dodoma, je watu waliacha kuja? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 kwenye mkoa huu. Wengi wao mkiwauliza kwao wapi hawatasema Dar, watasema Moshi, Tanga, Kigoma, Lindi. Wanasema ndo maana mji ukaitwa Bongo, kwamba bila bongo huishi hapa. Mi naongeza na bila mtu wa kukukopesha.

Na kuna mmoja nataka mumjue, hasa nyie wenye mikono ya ufundi. Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa kusini kama sisi, mzaliwa wa huko Tunduru, alipita mashamba ya mkonge Tanga akaja kuangukia hapa akifanya vibarua. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora. Hakusomea. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua hadibodi, zile za dari, na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akachora tembo, chui, ndege, rangi zinawaka, akawa anauza kule Oysterbay. Miaka minne tu. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Nikiwaambia mji huu unapiga, siongelei vitenge tu. Lakini wale aliowafundisha wakaendelea, wakafundisha wengine, na leo mgeni akitua uwanja wa ndege akitaka kubeba Tanzania mkononi anabeba picha ya Tingatinga. Rangi ya baiskeli! Mtu wa kuja ndo aliyeupa mji rangi yake.

Sasa jambo la tatu ni zito.

Nani alikuwa hapa Desemba 2011? Wazee mnakumbuka. Siku chache tu tangu tusherehekee miaka 50 ya uhuru, bendera bado ziko kwenye nguzo, mvua ikaanza kupiga, tarehe 20. Mi wakati huo nilishapata fremu yangu mwenyewe, chini kule karibu na Mto Ng'ombe, kodi ilikuwa nafuu na sikujiuliza kwa nini ni nafuu. Ndani nina cherehani yangu, ya kwanza kuimiliki maishani, na sare za shule za watoto thelathini na mbili, maana Januari shule zinafunguliwa. Sketi za bluu, kaptula za bluu, mashati meupe, zimekunjwa kwenye shelfu, nyingine zimeshalipiwa.

Alfajiri nasikia kelele. Nafika, maji yamefika kiunoni na yana rangi ya chai, yanabeba ndoo, yanabeba mlango wa mtu, yanabeba kuku hai juu ya godoro. Nimesimama siwezi kuingia wala siwezi kuondoka. Pale jirani palikuwa na kijiwe cha vijana ambao nilikuwa nikiwapita nashika pochi kwa nguvu, miaka mitatu nawashikia pochi. Wakaingia wao. Wanne. Wakavunja kufuli, wakatoka na cherehani, wawili wameibeba kichwani na meza yake, maji yanawafika kifuani, yule wa mbele anapiga kelele fundi toka njiani, toka njiani! Wakaipandisha mpaka kwenye baraza la yule bibi. Wakarudi wakabeba sare, zimeshalowa tope.

Nikakaa nikaziangalia nikasema basi, hizi zimekufa. Bibi akasema nani kakwambia. Akaita. Wakaja wanawake, wengine nyumba zao wenyewe zimeingia maji, na kila mmoja akachukua sare nne, tano, akaenda kufua kwa maji ya kisima. Siku ya pili jua lilipotoka mtaa wote, kila kamba, kila dirisha, kila ukuta wa michongoma, umeanikwa sketi za bluu na mashati meupe. Tope chini mpaka kwenye vifundo vya miguu, harufu kali, na juu yake nguo za shule za watoto zinapepea nyumba hadi nyumba. Nilisimama katikati ya ile njia nikasema mimi hapa siondoki tena. Ndo siku nilipoipenda Dar. Nawaambia tarehe kabisa kwa sababu naijua.

Lakini msinielewe vibaya. Watu walikufa kwenye yale mafuriko. Familia za Jangwani na mabonde mengine zilihamishiwa Mabwepande, mbali, kuanza upya. Na yale maji hayakuwa ya mvua peke yake. Mtaro ulikuwa umejaa chupa, mifuko, magodoro, na vitambaa. Vitambaa, jamani. Mabaki ninayokata kwenye meza yangu nilikuwa nampa mtoto akatupe na sikuuliza anatupa wapi. Nilipoona kipande cha kitenge nilichokikata mwenyewe kimenasa kwenye lile karavati sikulala. Toka siku hiyo mabaki yangu yanaingia kwenye kiroba, anakuja mtu wa mito ya makochi anachukua, na mafundi wenzangu wa mtaa mzima wanafanya hivo sasa.

Kwahiyo msiniletee mapenzi ya kusema Dar ni tamu tu. Maji yanaweza kukatika wiki. Mwaka 2022 mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, tukapanga ndoo usiku mzima. Nauli inapanda, kodi unaambiwa miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kukufungulia mlango. Julai 2021 soko la Kariakoo likaungua, lile jengo alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975, na paa lake kama miamvuli iliyogeuzwa. Novemba 16 mwaka 2024 ghorofa likaanguka pale pale Kariakoo, asubuhi, watu wako dukani wanafungua biashara. Wafanyabiashara wenzetu, wengine wametoka mikoani kama sisi. Mi nauliza, na nitaendelea kuuliza, nani aliruhusu kuchimba chini ya jengo lenye watu juu?

Unaweza kuuliza hivo kwenye mji usioupenda? Kwenye mji usioupenda unanyamaza, unasema mi napita tu. Mi sipiti. Mkutano wa serikali ya mtaa ukiitishwa nakaa mbele, nauliza habari ya mtaro, nauliza habari ya taa pale kwenye kona, mwenyekiti wa mtaa akiniona tu anajua. Nendeni na nyie. Kajiandikisheni kwa mjumbe wiki hii, msikae mtaani kama watu wa lojing.

Na uzuri upo, niseme na uzuri, maana mwenyekiti ananionyesha saa. Kigodoro kile kilichokuwa kinaninyima usingizi? Singeli imezaliwa kwenye mitaa yetu hii hii ya uswahilini, mbio zile, vijana hawana studio ya maana, sasa inapigwa mpaka ng'ambo. Na shughuli moja ya Tandale inanipa madera hamsini ya kushona, kila kundi na rangi yake, machungwa, bluu bahari, pinki ya kuumiza macho, kule kwetu ungevaa hivo wangekuuliza unaumwa? Hapa wanakuuliza umeshona wapi. Wiki ya Simba na Yanga nusu ya mtaa ni nyekundu na nusu ni kijani na njano, na kuna nyumba naijua baba na mama hawapeani chai siku hiyo. Jioni jua likishuka nendeni Kivukoni mkakae pale pantoni zinapopishana kwenda Kigamboni, muhogo wa kukaanga na pilipili mkononi, upepo wa bahari unakuja na harufu ya samaki wa Feri, azana inatoka upande huu na kengele upande ule. Msiende mkiwa na haraka. Nendeni siku mmechoka.

Shangazi ametangulia mbele za haki miaka sita sasa. Yule mangi amezeeka, duka anashika mwanae, na daftari ni jipya, lina gamba gumu, ila kamba ya kalamu bado ipo kwenye msumari. Mi pale naandikwa *Fundi*, basi. Hakuna mgeni, hakuna chumba cha nyuma.

Wiki mbili zilizopita amekuja binti wa kaka yangu kutoka nyumbani, yuko hapa, amekaa pale dirishani, mkono wake haukubaki juu nilipouliza na sikumlaumu. Jioni ya kwanza nilimtuma dukani, sukari robo na sabuni kipande, nikamwambia mwambie aandike. Alirudi macho mekundu. Shangazi, kaniandika *mgeni wa fundi*. Sikumjibu, nilikuwa napachika vifungo.

Jana kanifuata anataka akalipe, hapendi kudaiwa, amelelewa vizuri. Nikamuuliza ni shilingi ngapi. Akasema elfu moja na mia mbili. Nikafungua pochi nikampa elfu moja.

Kamwene.